Mtandao unasumbua, sawa, lakini upi?

Mjomba wangu alikosa basi la saa 11 alfajiri kwa sababu simu yake ililala Tanzania ikaamkia Msumbiji. Yeye mwenyewe hakutoka kitandani. Ni kijiji kimoja cha wilaya ya Nanyumbu, kule chini karibu na mto Ruvuma, alitakiwa awahi Masasi benki kufuatilia hela yake ya korosho, akatega alamu saa 10, alamu ikalia, akaamka, adhana akaisikia akasema huyu muadhini leo kawahi, akaswali, akanywa chai ya rangi taratibu kabisa maana muda si anao, akafika stendi kwa saa yake ni saa 10 na dakika 40, hamna basi, hamna abiria, kuna mama mmoja tu anachoma maandazi anamwambia basi limeshaondoka zamani baba. Akanipigia amefura. "Mjomba," (huku kwetu mjomba na mpwa wote wanaitana mjomba) "makonda wa siku hizi wanaondoka kabla ya muda, halafu na hii simu uliyoninunulia ni feki."

Simu haikuwa feki. Nilipoenda kumtembelea nikaishika, nikapekua zile meseji ambazo yeye huwa hafungui, zipo kama mia nne hivi nyingi za kubeti mpira, nikaikuta moja ya usiku uleule inamkaribisha Msumbiji na kumtajia bei za kupiga akiwa huko. Mtu kakaribishwa Msumbiji yuko kwenye godoro lake Nanyumbu. Kilichotokea ni kwamba simu haijui mpaka, haijui Ruvuma ni nini, yenyewe kazi yake usiku kucha ni kusikiliza minara na kujiuliza nani anasikika, na usiku ule mnara wa kwetu ulizima, majirani waliuona hata taa zake hazikuwaka, basi simu ikatafuta weee mpaka ikakuta mnara wa ng'ambo unaongea, ikajiandikisha huko. Na minara mingi ikiipokea simu inaipa na saa ya pale ilipo. Msumbiji wako nyuma yetu saa moja nzima. Kwahiyo ile saa 10 ya alamu ilikuwa ya wenzetu, kwetu sisi ilikuwa tayari saa 11 na basi linapiga honi.

Nikamuuliza, sasa mjomba ulivyoona saa ya simu na ya mama maandazi hazifanani ulifikiria nini? Akasema, "Nikajua tu mtandao unasumbua."

Hapo ndo ugomvi wangu ulipo, na siyo na mjomba. Hilo neno mtandao tumelibebesha kila kitu. Laini yako ni mtandao, intaneti ni mtandao, pesa ikigoma kutoka ni mtandao, TikTok na Facebook ni mitandao, wezi wakikamatwa nao wana mtandao. Mtu akikuambia mtandao unasumbua hajakuambia kitu, ni sawa na kumpeleka mtoto hospitali ukamwambia daktari "mtoto anaumwa" ukanyamaza.

Linganisha na maji. Watu wa Newala na Tandahimba wana historia ndefu na shida ya maji, juu ya ile nyanda ya Makonde maji hayapatikani kirahisi, yanasukumwa kwa pampu kutoka kwenye chanzo cha Mitema kule upande wa Kitangari mpaka yafike juu. Sasa nenda siku maji hayatoki umuulize bibi yeyote aliyekaa na ndoo zake. Hatakuambia maji yanasumbua. Atakuambia pampu Mitema imeharibika, au umeme umekatika kwenye pampu, au bomba limepasuka kule njiani, au leo siyo zamu ya mtaa huu. Bibi huyo hajasoma uinjinia lakini njia ya maji anayo kichwani kuanzia chanzo mpaka ndoo, na kwa sababu anayo humdanganyi, ukija na stori ya pampu wakati mtaa wa chini wanachota atakucheka mbele za watu.

Kwenye mawasiliano sisi tumefundishwa kufungua koki tu. Bonyeza hapa, piga nyota hii, weka namba ya siri, kubali, asante kwa kutumia huduma. Nilishawahi kukaa kwenye semina ya matumizi ya simu, masaa matatu na soda na sambusa mbili, mwezeshaji anaonyesha vitufe mwanzo mpaka mwisho, mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza "sasa hiyo picha ikitoka hapa inapita wapi?" akajibiwa hayo ni mambo ya kitaalamu. Swali zuri kuliko yote ya siku ile likauliwa pale pale. Rafiki yangu mmoja fundi simu Mtwara mjini ananipinga, anasema bodaboda hahitaji kujua injini ndo apakie abiria. Bodaboda gani huyo? Ninaowajua mimi pikipiki ikikohoa mara moja tu anakuambia hii plagi, ikikohoa mara mbili anakuambia haya mafuta ya kwenye chupa yamechanganywa.

Chukua ile mistari ya juu kwenye kioo cha simu, ambayo watu wakiiona imejaa wanasema mtandao upo. Ile inapima kitu kimoja, wewe na mnara wako mnasikilizana kiasi gani, basi. Nyuma ya mnara ndo safari inaanza. Siku ukipita barabara ya Mtwara kwenda Masasi angalia minara vizuri, utaona ubavuni kuna madishi ya duara yamefunikwa kama ngoma, yale hayaongei na simu yako, yanaongea na mnara mwingine, na huo na mwingine, mpaka ifike penye waya wa faiba unaoelekea Dar. Sasa mnara mmoja wa katikati ukizima, betri zimeisha au jenereta limekosa dizeli, minara yote inayoutegemea inabaki imesimama na taa inawaka na simu yako inaonyesha mistari minne, na hakuna kinachopita. Koki nzima, bomba halina maji. Mtu anazima simu anawasha, anatoa laini anaipuliza anairudisha (jamani hii ya kupuliza laini sijui nani alituanzishia), wakati shida iko kilomita 60 kutoka alipo.

Na kuna shida ya kinyume chake, mnara mzima na nyuma yake pazima ila wewe ndo huonekani. Minara ya 2G, ile ya simu za kitochi, ina kikomo cha kawaida cha kilomita 35 hata kama nchi ni tambarare na hamna hata kichaka, kwa sababu simu zinapewa zamu za kuongea, zamu fupi fupi sana, na simu iliyo mbali kupita hapo sauti yake inafika imechelewa inaangukia kwenye zamu ya mwenzake. Huku kwetu hata hizo 35 huzipati. Shuka kutoka Newala, simama pale Shimo la Mungu uangalie lile bonde lote mpaka Msumbiji, mnara uko mjini nyuma yako, wala siyo mbali, lakini ukishateremka ukingo wenyewe unakuwa ukuta kati yako na mnara. Ndo maana kijiji cha bondeni hakikosi mwembe wa kupigia simu au kichuguu cha kupandia. Ile siyo imani, ni hesabu ya mwinuko.

Mwezi wa 5 mwaka 2024 tungejifunza haya yote kwa mara moja kama kuna mtu angetuelezea. Kwanza kikaja Kimbunga Hidaya, tarehe 4, mvua ikakata barabara ya Dar maeneo ya Kilwa, Somanga pale, magari yakalala njiani na bei za vitu Mtwara zikapanda. Hatujapumua, Jumapili ya tarehe 12 intaneti nayo ikaondoka. Mtaani kila mtu na lake, kimbunga kimeangusha minara, kampuni zimetuibia bando, mwingine anasema simu yake imeingia virusi akaiflashi na picha za harusi zote zikapotea. Kimbunga hakikuhusika hata kidogo. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na Mtunzini, pwani ya Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa. Na upande wa pili, Bahari ya Shamu, nyaya kadhaa zilikuwa zimeshakatika mapema mwaka huohuo, mzigo wa huko ulikuwa umeshahamishiwa kusini, kwahiyo kusini nako kulipokatika Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia sana.

Watu wengi wanadhani intaneti inatoka angani. Karibu yote inayovuka bahari inapita kwenye waya, na waya wenyewe kule kwenye kina kirefu unene wake ni kama mpira wa kumwagilia bustani, ndani kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, kinachopita humo ni mwanga. SEACOM ilianza kazi 2009, EASSy 2010. Kabla ya hapo kweli tulikuwa tunategemea setilaiti, na kama uliwahi kukaa intaneti kafe miaka ile unakumbuka barua pepe moja inafunguka nusu saa na wewe unalipia kwa dakika. Kinachoniuma ni kwamba waya hizo zikitoka Maputo kwenda Dar zinapita huku baharini mbele yetu, mbele ya wavuvi wa Mikindani, hazitui, zinakwenda kutua Dar halafu intaneti inarudishwa kwetu kwa nchi kavu. Ukiwa Mikindani ukamtumia mtu wa Lindi picha ya WhatsApp, kilomita kama mia tu, picha inakwenda Dar, inatoka nje kwenye mashine za kampuni, halafu inarudi tena mpaka Lindi. Ingeenda na daladala ingekuwa safari fupi.

Sasa angalia kilichokuwa kinafanya kazi siku ile. Mimi nilipiga simu ikaenda. Meseji ya kawaida ikaenda. Nikapiga nyota na reli menyu ya pesa ikafunguka, nikamlipa mama wa samaki, jina lake likatokea, akapata. Wale waliokuwa wanatumia programu ya pesa kwenye simu janja ndo waliokuwa wanahangaika, na jirani yake mwenye kitochi analipa kama kawaida. Hii kwa sababu simu, meseji na hiyo ya nyota zinaishia ndani ya nchi, ile menyu haikai hata kwenye simu yako, kila ukibonyeza 1 au 2 unaitumia mashine ya kampuni kaujumbe kafupi inakujibu, haihitaji bando wala Mtunzini. Na ile meseji ya Kiingereza inayowachanganya watu, inayosema kuna tatizo la muunganisho au msimbo (code) wa MMI siyo sahihi, hiyo MMI ni njia ya mtu kuongea na mashine, maana yake tu mazungumzo yenu yamekatika au umekosea kubonyeza. Haimaanishi hela imeliwa. Ila usirudie kutuma haraka haraka, huenda ombi la kwanza lilishafika na kilichokatika ni jibu, angalia salio kwanza. Nawajua watu wawili waliolipa ada mara mbili kwa haraka hiyo.

Na kuna siku mnara mzima, waya wa bahari mzima, ila kampuni yenyewe ya huko nje imejikwaa. Jioni ya 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilipotea dunia nzima kwa karibu masaa 6, walikosea kubadilisha mipangilio kwenye mashine zao wenyewe wakajifungia nje. Mimi nilikuwa nimekaa Mtwara mjini, mtaalamu mzima, nikanunua bando jingine. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua tovuti yoyote ile nione kama inafunguka, dakika moja, lakini hasira ilinitangulia.

Hebu nikupe moja ya karibu zaidi. Mwaka jana nilikuwa kwenye kamati ya harusi Mikindani, mimi ndo mtu wa mawasiliano, tukanunua meseji za pamoja kwenye mfumo wa mtandaoni tuwatumie waalikwa 200. Ujumbe wangu nimeuhesabu herufi 150, najua meseji moja inabeba 160, kwahiyo watu 200 meseji 200, hesabu imekaa. Natuma, mfumo unaniambia zimekatwa meseji 600. Mhazini wa kamati akaniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Nikaurudia ujumbe neno kwa neno mpaka nikamkamata mchawi: kulikuwa na neno ng'ombe, tumechinja ng'ombe wawili karibuni sana. Simu yangu ilikuwa imeweka ile alama ya juu iliyopinda kama mkia wa koma, siyo ile iliyosimama wima. Iliyosimama wima imo kwenye orodha ya herufi za meseji, iliyopinda haimo. Ukiweka hata alama moja isiyokuwemo meseji yote inabadilishwa mfumo wa kuandikwa, kila herufi inakula nafasi kubwa zaidi, kikomo kinashuka kutoka 160 mpaka 70, na ikiwa ndefu ikagawanywa kila kipande kinabeba 67. Herufi 150 ni vipande vitatu, mara watu 200, ndo hizo 600. Emoji nayo inafanya hivyohivyo, ile moja tu ya kopa uliyoweka mwisho. Sasa fikiria lugha yetu hii ina ng'ombe, ng'ambo, ng'aa, kuna ming'oko huku kwetu, halafu chama cha ushirika kinatuma matangazo kwa wanachama elfu mbili kila wiki na hakuna aliyewaambia waangalie hako kamkia. Mhazini nilimwelezea. Alielewa, lakini hela aliniambia nichangie.

Bando. Najua hapa nitatukanwa. Mimi siamini kwamba kila MB inayopotea imeibiwa, na siamini pia kwamba kampuni ni malaika, mwezi wa 4 mwaka 2021 zilipotoka bei mpya za vifurushi kelele zilikuwa kubwa mpaka bei zikasitishwa, kelele zile zilikuwa halali. Bando kuisha muda wakati MB zimebaki bado linaniudhi mpaka leo. Ila kuna jambo watu hawaambiwi mnara wa kijijini kwao ukiwekwa 4G. Video za kwenye simu zinapima bomba, bomba likiwa jembamba zinakuletea picha hafifu, bomba likipanuka zenyewe zinapandisha ubora bila kukuuliza. Kwahiyo mtu aliyekuwa anaangalia vichekesho saa nzima kwa bando la siku, mnara umepandishwa, saa ileile vichekesho vilevile na kioo chake kilekile cha inchi 5 kilichopasuka pembeni, bando linaisha saa 4 asubuhi. Anasema zamani hawakuwa wezi hivi. Ongeza magrupu ya WhatsApp, la ukoo, la AMCOS (chama cha ushirika), la madrasa, la waliomaliza darasa la saba pamoja, setingi ikiwa imeruhusu, kila video ya kheri ya Ijumaa inashuka yenyewe hata kama hutaifungua. Ingia kwenye setingi, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa video, uache picha tu kama unapenda picha. Nimemfanyia shangazi hivyo, bando la siku tatu saivi linafika wiki, ila analalamika video za Ijumaa hazichezi mpaka aziguse.

Kwenye utapeli ndo kutoijua njia kunapouma mfukoni. Minada ya korosho ikianza mwezi wa 10 na malipo yakianza kuingia benki, na meseji nazo zinaanza: ile hela tuma kwa namba hii, jina litakuja la fulani. Wanaoliwa wanasema tapeli alijuaje kama nadaiwa? Hakujua. Ametuma kwa maelfu, humo lazima yupo mtu aliyekuwa anajiandaa kumtumia mtu hela muda huohuo. Ya pili ni ile unapata meseji umepokea 450,000, dakika mbili simu inaita, kaka nimekosea namba mgonjwa wangu yuko hospitali ya Ligula nirudishie. Watu wanafundishwa angalia kama meseji imetoka kwenye jina la huduma au namba ya mtu. Ni sawa, ila haitoshi, mimi ningewafundisha kwamba hela haimo kwenye meseji. Hela ni maandishi kwenye daftari la kampuni, meseji ni karatasi tu ya kukujulisha, na karatasi mtu yeyote anaweza kuandika. Piga nyota mwenyewe uone daftari linasemaje. Mtu akishaelewa hilo moja huna haja ya kumfundisha kila utapeli mpya, maana wanabadilisha kila msimu.

Pia tangu laini zisajiliwe kwa kidole, ambapo tarehe ya mwisho ilikuwa 20 Januari 2020, kuna vijana wachache wa mwamvuli walikuwa wanamwambia mtu "weka kidole tena mama haijashika", kidole cha kwanza cha laini yake, cha pili cha laini atakayoiuza kwa mtu mwingine. Piga nyota 106 reli uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Namba ya tapeli unairipoti 15040. Hizo zote TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wamezitangaza sana, na watu huku wanazijua kama wanavyojua namba za vocha, yaani wakishaambiwa wanasahau, kwa sababu hakuna aliyewaambia kidole chao kilikwenda wapi baada ya kukibonyeza.

Sasa turudi kwa mjomba. Siku mbili za mwisho za safari yangu tulikaa chini ya mkorosho, nikamchorea kwenye udongo kwa kijiti, huyu wewe, huu mnara, huu mnara wa pili, hapa Dar, hapa baharini. Alinisumbua kwa maswali kuliko mwanafunzi, hasa kuhusu papa kama wanaweza kuuma waya (wamewahi kuuma, ila mara nyingi wanaokata ni nanga za meli na nyavu za uvuvi). Tukaenda Mangaka akatoe hela, alitaka laki tatu. Kijana wa pale kwenye kibanda akamwangalia mzee na kofia yake, akasema bila hata kushika simu, "Shikamoo mzee. Mtandao unasumbua leo, labda uje jioni."

Hii sentensi mimi naijua na simlaumu sana kijana. Wakala anahitaji vitu viwili, floti kwenye simu ya kuwawekea watu na keshi kwenye droo ya kuwatolea, na asubuhi ya msimu wa korosho keshi inaisha mapema. Akisema sina hela, mteja anahamia kibanda cha jirani na kesho harudi. Na kutangaza umeishiwa au umejaza nako ni kuita wezi. Mtandao hauna mwenyewe wa kuja kujitetea.

Mjomba akaitikia marahaba, akavuta kile kigoda cha wateja akakaa. "Mwanangu, hebu piga nyota uangalie salio lako wewe mwenyewe kwanza."

Kijana akaona haya kukataa. Akapiga.

"Menyu imefunguka?"

"Imefunguka mzee."

"Salio limekuja?"

"Limekuja."

"Sasa huo unaosumbua ni mtandao upi, wa Dar au wa baharini?"

Kijana akacheka mpaka akaweka simu chini, akasema mzee keshi imeisha, kuna mtu kachukua milioni saa 2 asubuhi, hapa nimebaki na elfu themanini. Mjomba akachukua themanini, tukahesabu, nyingine akasema ataifuata Masasi. Kwenye simu yake tuliondoa ile saa ya kujiweka yenyewe, tukaondoa na kuchagua mtandao kiotomatiki, ibaki laini ya kwetu tu hata ikikosa mnara ikae kimya. Lakini alamu ya kwenda Masasi bado ameitega saa 9, anasema hao wa ng'ambo hawaamini bado.